Mkono Uliovuka Mawe

Barua iliyompeleka Roley Lambourne mahakamani niliiandika mimi, kwa wino mweusi na kwa mwandiko ambao walimu wangu walikuwa wakiusifu, nikaitia posta siku tisa kabla ya Pasaka ya mwaka 1957. Naanza na hilo kwa kuwa wako wanaousimulia mkasa wa Tarrabin kana kwamba waovu walikuwa wawili tu, meneja na hakimu. Waovu walikuwa hao, sikatai, wala simwombei yeyote kati yao msamaha. Lakini mlango walifunguliwa, na aliyewafungulia ni mtu mwenye nia njema, jambo ambalo sheria za nchi hii hulitegemea kuliko rungu la polisi.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya serikali mjini Sydney. Kila Jumanne jioni nilikwenda kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa bandari kucheza densi za zamani: densi za wakata manyoya ya kondoo, za wachimba dhahabu na za wake zao, ambazo santuri na sinema zilikuwa karibu kuziua kabisa. Kila Alhamisi watu walewale, katika ukumbi uleule, kwenye viti vilevile vibovu, tulikutana kupigania haki za Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii. Vic Orchard, kuli wa bandarini aliyetupigia kodiani, alikuwa na msemo wake: "Jumanne jasho, Alhamisi wino. Mwenye kukosa siku moja, asijisifu kwa nyingine."

Aliyetuongoza siku zote mbili ni Merle Dunphy, mwanamke mfupi aliyeshona kola katika kiwanda cha mashati na kuwasemea washonaji wenzake mbele ya mwajiri. Merle alikuwa amezunguka vijijini kwa baiskeli na treni akiwahoji wazee, akaandika hatua za densi thelathini na saba. Iliyomnyima usingizi ilikuwa moja, Seti ya Tarrabin. Ni densi ya watu wanane, jozi nne zinazosimama kwa mraba, nayo ina sehemu tano. Wazee wa mji wa Tarrabin walimpa nne. Kuhusu ya tano, mmoja wao alimwambia, "Binti yangu, ikifika ya tano sote tulikuwa tumeshalewa."

Alhamisi moja Merle alikuwa amesahau kufuta ubao wa Jumanne. Roley Lambourne, ambaye alikuwa amejiunga na kamati yetu miezi michache tu, aliutazama ule mchoro wa mishale kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nani kawafundisha hivi?"

"Wazee wa Tarrabin," Merle akasema.

"Wazee wa Tarrabin wa upande gani wa mto?"

"Wa mjini."

"Basi ndiyo maana mmeikosea. Hiyo ya tatu wanawake hawageuki kushoto. Babu yangu angewafukuza kwenye banda la kukatia manyoya." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Albert Kincaid. Ndiye aliyeitunga, na ndiye aliyekuwa akiwaitia wachezaji hatua zake, kila msimu wa kukata manyoya, miaka ishirini. Hawakuwaambia?"

Merle alifungua daftari lake. Wazee wa mjini walikuwa wamemtaja Albert Kincaid mara moja tu: Mwaborijini aliyekuwa akichanja kuni za kuchemshia chai siku za densi.

"Na sehemu ya tano?" Merle akauliza kwa sauti ya chini.

"Mama yangu anayo. Anayo yote."

Mama yake, Ettie Lambourne, alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja, akiishi katika kituo cha Waaborijini nje ya Tarrabin, kando ya mto Lachlan. Ndani ya kituo hicho meneja, Bwana Thwaite, alikuwa na desturi ya kuingia katika nyumba za watu kila Jumatano asubuhi bila kubisha hodi. Alifunua masufuria, akapitisha kidole juu ya rafu, akahesabu vitanda na kuuliza kila kimoja kinalaliwa na nani. Jumatano moja Roley alisimama katika mlango wa mama yake, akamwambia kwamba bibi mwenye nyumba yuko ndani anavaa, na mgeni angoje. Hakumgusa. Hakutukana. Kwa kosa hilo Bodi iliyokuwa ikiwatawala Waaborijini ilimfukuza kituoni kwa mwaka mmoja, na ilani ikaeleza wazi kwamba akionekana ndani kabla ya mwaka kwisha, mwaka utaanza upya. Ndipo alipokuja Sydney kufanya kazi kwenye karakana ya reli. Mwaka wake ulikuwa unakwisha tarehe mbili Mei. Moyo wa mama yake haukuwa mzima, na daktari wa Tarrabin alikuwa amemwambia hivyo bila kumung'unya maneno. Roley hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kurudi kwenye nyumba ile mama yake akiwa hai.

Likizo ya Pasaka ndiyo pekee iliyotupa sote nafasi ya kusafiri. Mpango wa Merle ulikuwa rahisi. Tungepiga hema ukingoni mwa mto, nje kabisa ya mpaka. Siku ya Jumamosi Bi Ettie na jirani zake wangetoka kuokota kuni, kama watokavyo siku zote, na huko ukingoni tungecheza, tukaandika, tukanywa chai, tukaachana. Roley asingetia mguu ndani. Hakuna sheria ambayo ingevunjwa.

Mimi sikuridhika. Shuleni kwetu, katika bweni la vijana arobaini, tulilelewa kuamini kwamba muungwana hamwendei mtu kwa mlango wa nyuma. Hutoa taarifa, hueleza nia yake, huweka jina lake chini. Nilimwambia Merle kwamba kama haki iko kwetu, hatuna sababu ya kuinyemelea.

"Ndugu Pryce," akasema, sindano ikiwa mdomoni, maana alikuwa akishona sketi ya maonyesho, "humwandikii mwizi kumwambia utapita njia gani."

"Bwana Thwaite ni mtumishi wa serikali."

"Ndivyo nilivyosema."

Nikaandika hata hivyo. Nilieleza siku, saa na mahali. Nilitaja majina yetu sote, na kwa kuwa sikutaka kuficha lolote, nikaandika kwamba Bwana Roland Lambourne angefuatana nasi. Sikumwuliza Roley. Haikunipitia akilini kwamba alistahili kuulizwa.

Tulifika Tarrabin Ijumaa Kuu, watu watano: Merle, Vic, mkewe Joyce, Roley na mimi. Kesho yake saa nne asubuhi tulisubiri ukingoni, chini ya mikaratusi, birika likichemka. Hakutoka mtu. Saa tano tukapanda hadi kwenye lango la kituo.

Halikuwa lango hasa. Zilikuwa nguzo mbili na ubao wa ilani, na kutoka kila nguzo ulikwenda mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, makubwa kama maboga, ukizunguka kituo chote. Ndani ya mstari huo, kwenye kiti cha turubai, aliketi Bwana Thwaite, kofia mapajani na barua yangu mkononi. Kando yake alisimama sajini wa polisi.

"Bwana Pryce bila shaka," akasema meneja, akainuka kwa adabu. "Nakushukuru kwa barua. Nimeisoma mara mbili. Ni nadra kwa watu wa upande wenu kunirahisishia kazi hivi."

"Watu wako wapi?" Merle akauliza.

"Wamo ndani. Nimetoa amri, leo hakuna kutoka. Ninyi nanyi hamna kibali cha kuingia, kwa hiyo kila mtu yuko mahali pake. Habari yako, Roley? Umenenepa. Sydney wanakupa siagi?"

"Naendelea vizuri, Bwana Meneja," Roley akasema. Alikuwa amesimama hatua tatu nje ya mawe, mikono mfukoni.

"Siku ngapi zimebaki?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Usiteleze."

Nilimtazama Roley, naye akanitazama mara moja, akaelewa barua ile imetoka kwa nani. Merle alisema neno moja, ambalo sitaliandika.

Hapo ndipo Bi Ettie alipotokea kwenye kijia, mwembamba, wima, amevaa gauni la buluu na viatu vya kanisani. Nyuma yake walikuja jirani zake Clarrie na Dulcie, mume na mke, wote wawili wazito na wenye haya, na mtoto wao mkubwa Neville. Walikuja hadi kwenye mawe, wakasimama ndani, tukitengana nao kwa hatua moja.

"Nimeambiwa nisitoke," Bi Ettie akamwambia meneja bila kumtazama. "Sijatoka." Kisha akamwambia mwanawe, "Umekonda."

"Meneja anasema nimenenepa, Mama."

"Meneja hajui kupika, atajua kukonda?"

Sajini alikohoa ili asicheke. Merle akasogea, akajitambulisha, akamwita Shangazi Ettie kama Roley alivyomfunza, na akaomba, kama haitamchosha, amweleze sehemu ya tano kwa maneno, naye aandike.

"Kwa maneno?" Bi Ettie akasema. "Maneno sina. Baba alinifundisha kwa kunisukuma mgongoni. Niwekee watu wanane na muziki, miguu itakumbuka yenyewe. Nikisema kwa mdomo nitakudanganya."

Tulihesabu. Ndani wanne, nje wanne, na Vic wa kodiani. Dulcie ndiye aliyeona, naye alikuwa hajafungua kinywa tangu afike: "Mawe yapite katikati ya mraba. Jozi mbili huku, jozi mbili huko."

Bwana Thwaite alicheka kwa furaha ya kweli, akavuta kiti chake karibu. "Sajini, chukua daftari lako. Kila mguu utakaovuka, niandikie jina lake."

Nimecheza katika kumbi kubwa tangu siku ile. Sijaona densi iliyochezwa kwa usahihi kama ile. Vic alivuta kodiani, Bi Ettie akaita hatua kwa sauti nyembamba isiyotetemeka, nasi tukaenda mbele hadi mawe yakagusa ncha za viatu, tukarudi. Palipotakiwa kubadilishana nafasi tuligeuka papo hapo. Clarrie, mtu wa kilo mia moja, alisimama ukingoni mwa jiwe kama paka juu ya ukuta. Ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu ambayo tulikuwa tumeikosea, ya nne. Sajini hakuandika kitu. Watu wa kituo walikuwa wametoka mmoja mmoja na kusimama milangoni, na mtu fulani akaanza kupiga makofi kwa mahadhi.

Kisha Bi Ettie akasimama.

"Ya tano haichezeki hivi," akasema. "Ya tano wanaume huvuka. Kila mmoja humwendea mwanamke anayemkabili, humzungusha mzunguko mzima, ndipo hurudi kwake. Baba aliiweka mwisho ili watu wa banda zima waonane kabla ya kwenda nyumbani."

Mkabala na Bi Ettie alikuwa Roley. Mkabala na Dulcie nilikuwa mimi.

"Tuache hapa, Shangazi," Merle akasema. "Tumepata ya tatu, inatosha. Tutakuja Mei, Roley akiwa huru."

"Mei," akasema Bi Ettie. Aliweka kiganja kifuani, si kwa kuigiza. Aliweka kama mtu apapasaye mfuko kuona kama funguo zimo. "Vic, ndilo jina lako? Piga. Miguu imekatazwa, basi itulie. Mikono haikuandikwa pale kwenye ubao."

Vic akapiga. Nilinyoosha mkono juu ya mawe, nikashika mkono wa Dulcie, naye akazunguka chini yake upande wake, mzunguko mzima, mkono wangu ukiwa ndani ya kituo hadi kiwiko. Kando yangu Roley alinyoosha wake. Mama yake aliushika kwa mikono miwili. Kwa kipimo cha muziki alipaswa kuzunguka na kuuachia. Alizunguka, lakini hakuuachia. Walisimama hivyo, jiwe likiwa kati yao, na karibu mwaka mzima ulikuwa umepita tangu washikane.

"Sajini!" Bwana Thwaite akasema. "Mkono."

"Mkono, bwana?"

"Uko ndani. Mkono ni sehemu ya mtu au si sehemu ya mtu?"

Sajini alinitazama mimi, ambaye bado nilikuwa nimeshika vidole vya Dulcie. Akalitazama daftari. Akamtazama Roley. Kisha akaruka mawe, akamkamata Roley kwa bega.

"Na huyu je?" Merle akapiga kelele, akinishika mkono na kuuinua juu kama mkono wa bondia. "Huu nao si ulivuka? Una macho au vifungo?"

Vic alikuwa hajaacha kupiga. "Sajini, muziki wangu wote umeingia huko ndani tangu saa tano," akasema. "Niandike. Jina langu Orchard."

Hakuandikwa. Sikuandikwa mimi. Roley alipelekwa mjini akiwa amekaa nyuma ya gari la polisi, na Bi Ettie akabaki ndani ya mawe, mikono yake bado mbele yake, mitupu.

Kesi ilisikilizwa Jumanne baada ya Pasaka. Nililala siku hizo tatu katika hoteli ya mji ule, ningelala wapi, maana Merle hakutaka nikae hemani. Shtaka lilikuwa kuingia kituoni kinyume cha amri. Ushahidi wa kwanza ulikuwa barua yangu, ikitolewa kuthibitisha kwamba mshtakiwa alikuja kwa kukusudia. Shahidi wa upande wa mashtaka, nina haya kuandika, nilikuwa mimi.

Niliapa. Tangu utotoni sikuwahi kusema uongo wenye uzito. Niliwahi kuchapwa viboko sita kwa kosa la mwenzangu kwa kuwa sikutaka kumtaja wala kumkana. Niliishika Biblia na nilijua maana ya kuishika.

"Bwana Pryce," inspekta wa mashtaka akaniuliza, "ulisimama kando ya mshtakiwa?"

"Ndiyo."

"Je, mkono wake ulivuka mstari wa mawe?"

Hakimu aliinua uso. Alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, na tai aliyovaa niliijua: ya shule iliyokuwa ikishindana na yetu katika kriketi. Yeye naye aliijua yangu. Niliona katika macho yake kwamba lolote nitakalosema ataliamini.

"Haukuvuka," nikasema. "Mama yake ndiye aliyenyoosha wake nje. Mshtakiwa hakuvuka kwa kiasi chochote."

Minong'ono ilizuka nyuma. Inspekta alitazama karatasi zake. Bwana Thwaite alikunja uso kama mtu aliyeuziwa farasi kilema. Hakimu akaandika, akaweka kalamu chini, na kwa upole akamwuliza Roley kama ana la kusema, au aridhike na ushahidi huo, ambao kwa maoni ya mahakama ulikuwa mzito.

Roley alisimama.

"Bwana huyu anasema uongo," akasema. "Anasema kwa wema, lakini ni uongo. Mkono wangu ulivuka. Ulivuka hadi hapa." Akajishika juu ya kifundo cha mkono. "Nilimshika mama yangu. Sitaki itokee kwenye kitabu cha mahakama kwamba mama alininyooshea mkono, nami nikashindwa kuunyoosha wangu. Nilinyoosha. Na wa Bwana Pryce ulivuka hadi kiwiko, sajini akiona. Naomba kuuliza, mkono wake uko wapi katika mashtaka?"

"Mkono wa Bwana Pryce," akasema hakimu, "haupo mbele ya mahakama hii."

Nikasimama. Nikasema kwa sauti kwamba upo, kwamba nimesema uongo chini ya kiapo, kwamba nakiri makosa mawili na nataka nishtakiwe kwa yote mawili. Hakimu alinitazama kwa huruma iliyonichefua kuliko tusi.

"Kaa, Bwana Pryce. Ulikuwa katika vurugu za ngoma. Macho ya mtu yeyote yangeweza kukosea."

Sikuwa nimekosea. Nilikuwa nimeapa uongo mbele ya mahakama ya nchi yangu, mchana kweupe, na mahakama ilikataa kuupokea uovu wangu kwa sababu ya rangi yangu na tai yangu. Na mtu mwingine alisema ukweli mtupu, mahakama ikampa siku kumi na nne jela, na amri ya mwaka mmoja ikaanza upya siku ileile. Wako watu, baadhi yao marafiki zangu, wanaoniambia kwamba hayo ni makosa ya maafisa wadogo wa mji mdogo. Siyo. Sheria ilitekelezwa pale barabara, kama ilivyokusudiwa na walioiandika. Mashine haikuharibika. Ilikuwa ikifanya kazi.

Nilimfuata Roley hadi kwenye gari. Nilikuwa nimetunga sentensi ndefu ya kuomba radhi. Hakunipa nafasi ya kuitoa.

"Bwana Pryce, ulipomwambia meneja ukweli wangu, hukuniuliza. Ulipomwambia hakimu uongo wangu, hukuniuliza. Safari ya tatu, uniulize kwanza."

Gari likaondoka.

Bi Ettie alikuwa amekuja mahakamani kwa kibali cha saa tatu, kilichotiwa sahihi na Bwana Thwaite mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, kibali mkobani. Alipotoka, alimkuta meneja kwenye ngazi akivaa kofia.

"Meneja," akasema, "mtoto wangu akitoka jela, nami natoka."

"Unatoka wapi, Ettie?"

"Kituoni."

"Uende wapi?"

"Ukingoni. Pale walipopiga hema."

Bwana Thwaite alimweleza taratibu, kama amwelezavyo mtoto, kwamba nyumba ni ya Bodi, atakayeiacha hatairudia. Kwamba posho yake ya unga na chai itakoma. Kwamba kitanda, meza na jiko ni vya Bodi pia. Kwamba ukingoni hakuna bomba wala mlango, na msimu wa baridi u karibu. "Na mumeo amezikwa ndani," akasema mwisho. "Ukitoka, kila ukitaka kwenda kaburini utakuja kwangu kuomba kibali. Umelifikiria hilo?"

Hapo Bi Ettie alifungua mkoba, akakitazama kile kibali cha saa tatu. Nilikuwa karibu, nilimwona. Lile lilimpata. Kisha akaufunga mkoba.

"Mume wangu alikuwa mtu wa subira," akasema. "Atangoja. Huyu mwingine yu hai."

Siku kumi na nne zilipokwisha, tulirudi Tarrabin na mabati, mbao na jiko la kuni ambalo washonaji wa kiwanda cha Merle walichanga kulinunua. Bi Ettie alitoka kituoni na masanduku mawili na kiti kimoja, vitu ambavyo aliweza kuthibitisha kwa karatasi kwamba ni vyake. Joyce alimwomba aje kuishi nao Sydney. "Nikafanye nini huko," akauliza, "nikahesabu tramu? Mimi ni Mwiradjuri, kabila langu ni la hapa, mto wangu ni huu." Roley aliacha kazi ya reli, akapata kibarua cha kujenga nyua kwa mkulima mmoja wa karibu. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo tukiezeka. Jioni ya tano ikakatika, na Bi Ettie akatupanga wanane matopeni, akatufundisha sehemu ya tano ilivyo, wanaume wakivuka kwa hatua sita ndefu. Ni nzuri. Sijui kuisifu zaidi ya hapo.

Merle alipoiingiza katika kitabu cha densi tulichokuwa tukikiandaa, mjumbe mmoja wa kamati, mtu aliyewahi kufungwa kwa ajili ya migomo na ambaye ninamheshimu, alipendekeza isiwekwe jina la mtungaji. Densi za wafanyakazi, alisema, ni mali ya wafanyakazi wote. Merle alimwuliza mbona densi tano za kitabu kilekile zina majina ya Waskoti. Kitabu kimechapwa, na jina la Albert Kincaid limo, limeandikwa mtunzi.

Hayo yana miaka mitatu sasa. Bwana Thwaite amepandishwa cheo. Mto umefurika mara mbili na kulichukua jiko mara moja. Bi Ettie ana miaka sabini na minne, moyo wake bado si mzima, na anaishi na mwanawe chini ya bati lenye matundu manne, ambayo ameyapangia masufuria. Mwaka juzi aliandika ombi kwa Bodi, kwamba akifa aruhusiwe kuingia kituoni kuzikwa kando ya mumewe. Walimjibu kwamba ombi limepokelewa. Mwaka jana walimjibu kwamba linashughulikiwa. Mwezi uliopita walimwomba aeleze kwa maandishi muda anaokusudia kukaa ndani.

Roley alitaka kwenda na barua hiyo gazetini. Bi Ettie alimzuia kidogo, akaisoma barua ile tena kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akaikunja na kuitia chini ya mguu wa kiti uliokuwa ukichezacheza.

"Waambie sina haraka," akasema. "Wao wakichelewa, nami nachelewa."